Tusiwanyamazishe Mabinti wa Hadithi

Maandishi ya mhadhara kwa wazazi, walezi na walimu wa madrasa wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote, aliyempa mwanadamu akili ya kufahamu na ulimi wa kueleza. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. 

Mada ya leo huenda ikaonekana nyepesi mbele ya mada tulizozizoea za swala, zaka na mirathi. Ni mada ya hadithi za watoto. Kwa usahihi zaidi, ni hadithi ambazo shujaa wake ni msichana, naye hufanya jambo ambalo desturi haikumpangia: hufuatilia, huchunguza, hujadiliana na wakubwa, huchunga mifugo, hutawala, na pengine hushika upinde. Wapo wazazi wanaouliza kama hadithi za namna hii zinafaa kusimuliwa majumbani mwetu. Wengine wamekwisha kujikatia shauri, wakazikataza.

Jibu langu nalitoa mapema ili msikilizaji asibaki gizani. Hadithi hizi zinafaa. Tena zilizo bora miongoni mwake tumezikuta ndani ya Qur'an yenyewe. Na binti anayelelewa bila ya kuzisikia hukosa jambo moja ambalo siku ya shida halina badala yake, nalo ni ujasiri wa kusema. Nitaeleza sababu, nitazijibu hoja za wanaozikataza, kisha nitataja mipaka.

HADITHI NI MALEZI

Katika vijiji vyetu, kuanzia kingo za Mto Kagera na Ruvubu kule Ngara hadi upande wa Biharamulo na Ziwa Burigi, hadithi ilikuwa darasa la usiku. Msimulizi aliita, "Hadithi! Hadithi!" nao watoto wakaitika, "Hadithi njoo!" Ilisimuliwa kwa Kihangaza, kwa Kishubi, kwa Kisubi, kwa Kizinza, kwa Kisukuma, na kwa Kiswahili. Mwalimu wa darasa hilo kwa kawaida alikuwa bibi. Hakuwa na ubao wala chaki, lakini aliyoyafundisha hayakufutika.

Allah (s.w.) ametufahamisha katika Surat Yusuf kwamba kisa anachomsimulia Mtume wake ni katika visa vilivyo bora kabisa, na mwisho wa sura hiyo akatujulisha kwamba katika visa hivyo mna mazingatio kwa wenye akili. Katika Surat Hud ametueleza kuwa visa vya Mitume waliotangulia vililetwa ili kuuthibitisha moyo wa Mtume (s.a.w.). Ikiwa moyo wa Mtume ulithibitishwa kwa visa, basi moyo wa mtoto wa miaka minane unahitaji visa mara ngapi zaidi?

Mtoto hajifunzi ushujaa kwa kuambiwa maana yake. Hujifunza kwa kumtazama mtu wa hadithi na kujiuliza, "Mtu kama mimi, akifikwa na hili, hufanya nini?" Sasa tuzitazame hadithi tulizomwachia mtoto wa kiume na zile tulizomwachia mtoto wa kike. Katika hadithi ya nunda mla watu, iliyosimuliwa Unguja na kuchapwa na Edward Steere mwaka 1870, anayemuua nunda ni kijana wa kiume wa Sultani, mdogo kuliko ndugu zake. Sungura tunamsimulia kama dume mjanja. Abunuwasi ni mwanamume. Mtoto wa kiume hutoka katika hadithi akiwa na upanga au hila. Na binti? Mara nyingi hutoka akiwa ni zawadi ya aliyeshinda, au ni funzo kwa wengine kwa sababu alikuwa mkaidi akaliwa na zimwi. Zile hadithi za Ulaya zilizotufikia kwa vitabu na sinema nazo zimejaa mabinti waliolala usingizi au waliofungiwa mnarani, wakingoja mtu aje kuwaokoa.

Mtoto aliyefundishwa miaka kumi kwamba kazi yake katika shida ni kungoja, tusishangae akingoja.

BINTI ALIYEKUWA NDANI YA NGOMA

Hata hivyo hadithi zetu wenyewe si maskini kiasi hicho. Ipo hadithi moja iliyoenea Afrika Mashariki na Kusini kwa sura nyingi. Wasichana walikwenda majini. Mmoja wao alirudi peke yake kuchukua kitu alichokisahau, zimwi likamkamata, likamtia ndani ya ngoma. Likazunguka naye vijijini likisema lina ngoma iimbayo yenyewe. Kila lilipoipiga, binti yule aliimba, na watu wakalipa zimwi chakula. Likafika mwisho katika kijiji cha wazazi wake. Binti akaimba, na safari hii mama yake, au ndugu zake kwa usimulizi mwingine, wakaitambua sauti. Zimwi likahadaiwa, ngoma ikafunguliwa, mtoto akaokoka.

Wasimulizi wengi huimaliza hadithi hii kwa onyo kwamba wasichana wasitembee peke yao. Onyo hilo ni sahihi. Lakini mna funzo la pili ambalo sisi wakubwa tumelipita bila ya kulitazama. Binti yule hakuwa na upanga wala nguvu, na mikono yake ilikuwa imebanwa gizani. Kilichomwokoa ni kwamba aliendelea kutoa sauti mpaka akapatikana wa kuitambua. Angenyamaza kwa aibu au kwa hofu, ngoma ile ingepita kijijini kwao na wazazi wake wasingejua kamwe kuwa mtoto wao alikuwa umbali wa hatua chache.

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo ninalotaka mlishike katika mhadhara huu. Ushujaa tunaoutafuta kwa mabinti wetu, kwanza ni ushujaa wa macho yanayoona na ulimi unaosema.

DADA WA MUSA (A.S.)

Sasa tuitazame Qur'an. Katika Surat al-Qasas tunasoma kwamba Firauni alikuwa akiwaua watoto wa kiume wa Bani Israili. Mama wa Musa alitiwa ilhamu amtie mwanawe mtoni. Je, baada ya hapo ni nani aliyetumwa? Hakutumwa mjomba wala jirani mwenye mkuki. Mama alimwambia binti yake amfuatie mtoto. Binti akamfuatilia, akawa anamtazama kwa mbali huku wale watu hawatambui.

Fikirini kazi hiyo. Ni ya hatari, maana askari wa Firauni wapo. Inahitaji subira, kwa sababu mto una mwendo wake. Inahitaji busara, kwani akikimbia au akilia atajulikana. Na baada ya kufuatilia, alisimama mbele ya watu wa nyumba ya Firauni, mtoto alipokwisha kukataa kila mnyonyeshaji, akawauliza kama angewaonyesha watu wa nyumba moja watakaomlea kwa niaba yao na kumtakia mema. Kwa kauli hiyo moja mtoto akarudi kifuani mwa mama yake, na mama akalipwa kwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe, kama wanavyoeleza wafasiri.

Qur'an haikumtaja binti huyu kwa jina. Lakini kitendo chake kimetajwa mara mbili, katika al-Qasas na katika Taha, pale Allah (s.w.) anapomkumbusha Musa neema alizomneemesha. Nabii mkubwa aliyeivuka bahari na watu wake alikuwa hai kwa sababu ya msichana aliyejua kutazama na kusema kwa wakati wake. Mwenye kudai kwamba hadithi ya binti jasiri ni mambo ya kuletwa na wageni, basi na aifungue sura ya 28.

MABINTI WA MADYAN

Sura hiyo hiyo inaendelea. Musa (a.s.), akiwa mkimbizi, alifika kwenye maji ya Madyan, akawakuta watu wengi wakinywesha wanyama wao, na pembeni yao wanawake wawili wakiwazuia wa kwao. Aliwauliza wana jambo gani. Wakamjibu kwamba hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na kwamba baba yao ni mzee sana.

Picha hii haihitaji kufafanuliwa kwa watu wa wilaya hizi. Tunawajua mabinti wanaongoja zamu kisimani na ndoo zao huku wenye nguvu wakisukumana mbele. Kuchunga ni kazi ambayo jamii nyingi zimewapangia vijana wa kiume. Lakini nyumba ile haja iliilazimu, mabinti wakatoka, wakafanya kazi kwa heshima, na walipoulizwa walijibu kwa maneno machache yaliyotosha. Kisha mmoja wao akamwendea Musa, akitembea kwa staha, kumfikishia mwaliko wa baba yake. Na mmoja wao ndiye aliyemshauri baba amwajiri, akitaja sifa mbili za mtu anayefaa kuajiriwa: awe na nguvu na awe mwaminifu.

Tazameni mambo mawili yaliyokutana hapa. Binti ana haya, na binti ana rai. Sisi tumezoea kuvitenganisha, kana kwamba mwenye haya lazima awe bubu. Qur'an imevikutanisha katika nyumba moja. Na baba yule hakumkemea kwa kushauri katika jambo la ajira. Alizungumza na Musa, na shauri likafuatwa.

Nikitaka kuendelea nitamtaja Malkia wa Sabaa katika Surat an-Naml, aliyewataka ushauri wakuu wake. Wao walitaja nguvu zao za vita, yeye akakumbuka wafalme wanavyoiharibu miji wanapoiingia, akaanza kwa kupeleka zawadi. Nitamtaja Bibi Hajar, aliyekimbia baina ya Safa na Marwa akitafuta maji ya mwanawe. Na mpaka leo kila hujaji, mwanamume kwa mwanamke, hufuata nyayo zake. Nitamtaja Asma binti Abubakar (r.a.), aliyeupasua mshipi wake vipande viwili ili kufungia chakula na maji ya safari ya Hijra mwaka 622. Nitamtaja Nusayba binti Kaab (r.a.), aliyemkinga Mtume (s.a.w.) siku ya Uhud. Mabinti wetu wangapi wanayajua majina haya kama wanavyoyajua majina ya waimbaji?

NDABAGA WA NG'AMBO YA RUSUMO

Ipo pia hadithi ya jirani zetu ambayo ndiyo inayoleta mjadala mkubwa zaidi. Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, Wanyarwanda wanaokadiriwa kuwa robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Walifikia Benaco, na kambi nyingine zikafuata. Wengi walirejea kwao mwishoni mwa mwaka 1996. Warundi nao walikaa Lukole na kwingineko kwa miaka mingi. Watu wanapovuka mto huvuka na hadithi zao, na kwa kuwa Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, hadithi hizo hazihitaji mkalimani.

Mojawapo ya hadithi mashuhuri za Rwanda ni ya Ndabaga. Zamani, wanasimulia, mwanamume aliyekuwa katika utumishi wa jeshi la mfalme hakuruhusiwa kurudi nyumbani mpaka mwanawe wa kiume aje kushika nafasi yake. Mzee mmoja hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na binti, Ndabaga. Binti alikua bila ya baba. Alipofahamu sababu, alijifunza kwa siri kutupa mkuki, kulenga kwa upinde na kuruka, kisha akaenda kambini kwa sura ya kijana wa kiume, akamwachilia baba yake arudi kupumzika. Alishindana na vijana wala hakuwa wa mwisho. Mwishowe siri ilifichuka na habari ikafika kwa mfalme. Ndabaga alieleza kilichompeleka. Wasimulizi hutofautiana katika mengine, lakini hukubaliana kwamba mfalme aliona ubaya wa sheria ile, na wazee wasio na watoto wa kiume wakaruhusiwa kurudi makwao. Mpaka leo Wanyarwanda, mambo yanapokuwa magumu kupita kiasi, husema yamefika kwa Ndabaga. Na wanawake wa nchi hiyo waliowahi kuwa askari wamekiita chama chao kwa jina lake.

HOJA ZA WANAOKATAZA

Hoja ya kwanza inaihusu hadithi hii moja kwa moja. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Basi vipi tumsimulie mtoto habari za binti aliyejifanya mwanamume?

Hadithi hiyo ya Mtume ni sahihi na hatuipindi. Lakini kusimulia kisa si kuruhusu kila kilichomo. Qur'an inatusimulia ndugu wa Yusuf waliomtumbukiza ndugu yao kisimani, wala hakuna aliyefahamu kuwa imehalalisha. Ndabaga anaposimuliwa, mzazi amwambie mtoto waziwazi: kujifananisha kule sisi hatukufuati, tunachokichukua ni mapenzi ya mtoto kwa mzazi wake, bidii ya kujifunza, na ukweli aliousema mbele ya mfalme. Kisha amuulize, "Kwa nini binti yule alilazimika kujificha?" Mtoto mwenyewe atajibu kwamba sheria ilikuwa ya dhuluma na hapakuwa na aliyekuwa tayari kumsikiliza msichana. Ndipo mzazi amsimulie dada wa Musa na mabinti wa Madyan, ambao hawakuhitaji kujigeuza ili wawe mashujaa. Hadithi mbili zikiwekwa pamoja hufundisha zaidi kuliko moja iliyofichwa.

Hoja ya pili ni kwamba hadithi za kubuni ni uongo. Uongo ni kumfanya mtu aamini lisilokuwa. Anayeanza kwa kusema "Hadithi! Hadithi!" hamdanganyi mtu, kwa sababu kila aliyeketi anajua anachokisikia. Tena tuangalie mwenendo wa Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea kisa kirefu ambacho Bibi Aisha (r.a.) alikisimulia, cha wanawake kumi na mmoja walioketi wakaahidiana wasifiche habari za waume zao, na wa mwisho wao ni Ummu Zar'. Mtume (s.a.w.) alisikiliza kisa hicho chote, akajifananisha kwa Aisha na yule mume aliyekuwa mwema. Na Abu Dawud amepokea kwamba aliona katika vinyago vya Aisha farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Alipomuuliza kuhusu farasi mwenye mabawa, Aisha alimjibu kama hajasikia kwamba Sulayman alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume (s.a.w.) akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Hakumvunjia mtoto farasi wake.

Hoja ya tatu ni kwamba binti akizoea hadithi hizi atakuwa mkaidi. Hili ndilo linalowatia wazazi hofu zaidi, na hofu yao naiheshimu. Lakini turudi kwenye mifano. Dada wa Musa alikuwa akitii amri ya mama yake. Mabinti wa Madyan walikuwa wakimtumikia baba yao mzee. Ndabaga alikwenda kwa ajili ya baba. Hata Marjana, yule kijakazi katika kisa cha Ali Baba alichosimulia Hanna Diyab wa Halab huko Paris mwaka 1709, aligundua alama ya chokaa mlangoni, akaziwekea alama kama hiyo nyumba nyingine, akaiokoa nyumba ya bwana wake. Shahrazadi alisimulia usiku baada ya usiku ili mabinti wengine wasiuawe. Ushujaa wao wote ulikuwa ni kulinda. Ukaidi ni kitu kingine.

KWA NINI JAMBO HILI SI MCHEZO

Huenda msikilizaji akasema, "Shekhe, hadithi ni hadithi tu." Nasema hapana. Wapo mabinti wanaochukuliwa vijijini kwa ahadi ya kazi za ndani mijini, na wakifika wakakuta siyo waliyoahidiwa. Wapo wanaonyemelewa njiani kwenda shule na mtu mzima mwenye pesa za chipsi na nauli ya pikipiki. Wapo wanaoozwa bila ya kuulizwa. Na wapo wanaodhulumiwa na mtu wa karibu kabisa, aliyewaambia, "Ukisema, hakuna atakayekuamini." Binti huyo yumo ndani ya ngoma. Ikiwa tumemfundisha tangu utotoni kwamba msichana mwema ni yule anayenyamaza, basi sisi wenyewe tumemsaidia zimwi kukaza ngozi ya ngoma.

Dini haikumtaka anyamaze. Khansa binti Khidam (r.a.) alipoozwa na baba yake naye hataki, alimwendea Mtume (s.a.w.), na Mtume akaivunja ndoa ile. Khawla binti Tha'laba (r.a.) alijadiliana naye juu ya mumewe na akamshitakia Mola wake, na Allah (s.w.) akateremsha mwanzo wa Surat al-Mujadila, akijulisha kwamba ameyasikia maneno yake. Mwanamke alisema, na mbingu zikajibu. Je, baba wa Ngara au Biharamulo awe mgumu wa kusikia kuliko hivyo?

Sheria za nchi nazo zipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto mwenye haki ya kulindwa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa mwanafunzi au kumpa mimba. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na ipo Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, isiyo na malipo. Lakini sheria zote hizo zinangoja mtu mmoja aanze, naye ni yule anayesema, "Baba, mama, nimefanyiwa hivi." Ujasiri wa kuyatamka maneno hayo haununuliwi siku hiyo. Hulelewa kidogo kidogo, usiku kwa usiku, kabla ya siku hiyo kufika.

TUFANYE NINI?

Kwanza, turudishe muda wa hadithi nyumbani. Leo simu na televisheni vimeshika nafasi ya bibi. Vingine vina manufaa. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza mwaka 2014 hapa Tanzania, zina wasichana wanaofikiri na kutatua mambo. Lakini katuni haimjui mtoto wako wala haiwezi kumuuliza swali lako. Nusu saa baada ya swala ya Isha inatosha.

Pili, baba naye asimulie. Binti akisikia kisa cha dada wa Musa kwa mdomo wa baba yake, ameelewa pia kwamba baba huyo yuko tayari kumsikiliza.

Tatu, tuwasimulie watoto wa kiume hadithi hizi hizi. Kisa cha Madyan ni chao pia: wenye nguvu walitangulia kunywesha, na Musa, mchovu na mgeni, aliwateka maji kwa ajili ya wasiokuwa na nguvu kisha akaenda kivulini bila ya kudai malipo. Mtoto wa kiume anayekua na mfano huo hatakuwa zimwi la mtu.

Nne, walimu wa madrasa waache kuwafanya mabinti wakariri majina ya Mitume tu. Wawape na visa vya mama zao, dada zao na binti zao, kisha wawasimamishe wavieleze wenyewe mbele ya wenzao. Anayezoea kusema mbele ya darasa hatashindwa kusema mbele ya mjumbe wa mtaa.

Tano, tuchague. Tuache hadithi zinazotukuza ushirikina, zinazomdhihaki mzazi, zenye matusi, au zinazofundisha kwamba hila na uongo ni sifa. Kipimo ni kimoja kwa shujaa wa kiume na wa kike: je, anapigania haki, na je, anamcha Mola wake au walau hamdhulumu mja? Tukimsamehe sungura wizi wake wote kwa kuwa ni dume, kisha tukamhukumu Ndabaga kwa kuwa ni msichana, hatujapima kwa mizani ya uadilifu.

Sita, na hili ndilo zito zaidi: binti akisema, asikilizwe. Itakuwa khiyana kumsimulia habari za wasichana waliosema, kisha siku atakapotuletea neno lake tumwambie anyamaze asituaibishe mtaani. Hadithi ya ngoma ina watu wawili mashujaa, aliyeimba na aliyeitambua sauti. Wa pili ni sisi.

Tunamuomba Allah (s.w.) awahifadhi watoto wetu, wa kiume na wa kike, awape ndimi za kweli na nyoyo zisizomuogopa yeyote katika haki, na atujaalie sisi wazazi masikio yanayosikia kabla ya kuchelewa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.